Herufi M Kwenye Kioo cha Ancha

Palma

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mgongo umekuachia nafasi ya kufanya kazi zako, na Mama anaendelea kuona kwa lile jicho walilomtibu. Watoto hawajambo? Na mihogo, mwaka huu ngiri wameiacha? Nauliza mengi kwa sababu simu za huku hazishiki, na zikishika watu wanaogopa kusema. Mimi mwilini sina ugonjwa. Moyoni sitakuficha, dada: nina hofu ambayo sijapata kuwa nayo.

Mara ya mwisho uliniuliza nafanya kazi gani hasa, nikajibu "za kompyuta", ukacheka. Leo itabidi nikueleze vizuri, maana yaliyotupata yametoka humo humo.

Ghala letu linapokea mizigo ya hawa waliokuja kwa ajili ya gesi: mabomba, saruji, vyakula, magodoro. Programu inayotunza hesabu ya mizigo hiyo haina picha. Ni kioo cheusi chenye maandishi meupe, na yenyewe haikai hapa. Iko kwenye mashine kubwa mbali huko, tunaifikia kwa mtandao. Mtandao wetu ni mwembamba, picha hazipiti, maandishi yanapita. Shida ilikuwa kwamba inaendeshwa kwa vitufe vya kibodi tu, na makarani wapya hawavijui. Wanashika kipanya, ambacho huku wanakiita rato, wanabofya, halitokei lolote. Msimamizi wetu, Dona Grasa, mama wa Pemba ya huku Msumbiji, asiyependa kungoja, akaniambia niifanye programu ile isikie kipanya.

Ukishaielewa, kazi yenyewe si kubwa. Kioo kimegawanyika miraba kama karatasi ya hesabu. Programu ikifunguka inakiambia kioo: nipe habari za kipanya. Tangu hapo, kipanya kikisogea tu, kioo kinaipelekea programu namba: kitufe gani, safu ya ngapi, mstari wa ngapi, halafu herufi M ya kufungia. Mtu hazioni namba hizo, programu inazimeza. Na ikifungwa, inakiambia kioo kinyamaze.

Aliyenisaidia kuijaribu ni binti mmoja karani anaitwa Ancha. Ndiye aliyegundua kwamba ukibofya saruji programu inachagua mabomba, yaliyo mstari wa chini yake, kwa sababu kioo kinaanza kuhesabu na moja na mimi nilianza na sifuri. Alinicheka siku nzima. "Issa, umetuletea kipanya chenye makengeza," akasema.

Ancha ni mtu wa kijiji cha Mbau. Nyumba ya mama yake ilichomwa, wakakimbia na walichovaa, na kaka yake, Momade, mpaka leo hajulikani alipo. Wengine wanasema kauawa. Wengine wanasema kachukuliwa na watu wa porini, hao waasi wanaochoma vijiji. Na wako wanaosema kaenda kwa hiari yake, hao ndio wabaya. Usoni hawamwambii. Ila akiingia tunaponywea chai, sauti zinashuka, naye hujifanya hasikii.

Basi asubuhi moja ikaja habari kuwa kijiji kimoja kwenye barabara ya kusini kimeshambuliwa. Watu wakaanza kupita na magodoro vichwani, hawasimami hata ukiwaita. Kabla ya adhuhuri mtandao ukakatika, simu zote zikafa kwa pamoja. Ofisini kila mtu akaenda mlangoni kutazama nje, isipokuwa Ancha. Alibaki kwenye kiti chake, mkono juu ya kipanya, akingoja programu irudi.

Lakini programu ilikuwa imekatika ghafla, haikupata nafasi ya kukiambia kioo kinyamaze. Kioo kikaendelea kutoa habari za kipanya, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuzimeza, namba zikamwagika waziwazi, 35;40;12M, 35;41;12M, mstari juu ya mstari. Mlinzi mmoja mwenye bunduki akaingia kutafuta maji ya kunywa, akaziona.

"Mtandao umekufa," akamwambia Ancha. "Hii inaongea na nani?"

Ancha hakujua. Aliondoa mkono kwa mshtuko, namba zikasimama. Mlinzi akamwamuru aurudishe. Akaurudisha, kipanya kikasogea, na namba zikaanza kukimbia tena. Hapo ndipo alipoonekana mkosaji, kwa kuwa kitu kile kilimtii yeye. Tena baada ya ile 35 namba zilikuwa mbili mbili, kama za kuonyesha mahali kwenye ramani, na kila moja ikiishia na M. Habari ya Momade mlinzi yule aliijua kama kila mtu.

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nafunga waya wa jenereta. Nikamwona Ancha akipitishwa katikati ya walinzi wawili, mguu mmoja hauna kiatu. Karani mwenzake akanisimulia mbiombio, nikajua papo hapo ni kitu gani. Lakini sikuondoka pale. Dada, mimi ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, na siku zile mgeni yeyote alitazamwa mara mbili. Nikajiambia watamuuliza maswali, watamwacha. Dona Grasa naye alikuja akasema hivyo. Nikaendelea kuufunga waya ambao tayari ulikuwa umefungwa. Kisha nikaona lori linawashwa, na mtu anatandaza turubai nyuma yake. Waliopandishwa lori lile kwenda kuhojiwa mbele, sisi hatujui wanafikishwa wapi. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu nimeshafika mlangoni kwao.

Mkuu wa ulinzi wa pale ni Sinyori Amade, mtu mzima wa pwani hii hii, mwenye sauti ya chini. Nilianza vibaya. Nilimwambia, "Namba zile ni zangu." Wakanikalisha sakafuni kando ya Ancha, wakachukua simu na pasipoti yangu.

Nikaomba kompyuta iletwe. Ilipoletwa nikaandika amri ya kukiambia kioo kitoe habari za kipanya, vidole vinakosea kila herufi ya pili, kisha nikamwomba Sinyori Amade akisogeze mwenyewe. Akakisogeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa nge. Namba zikatoka. Nikamwomba akipeleke kwenye pembe ya juu kushoto, ikaja moja na moja. Pembe ya chini kulia, themanini na ishirini na nne. Nikamweleza kuwa hapo ni mahali pa kioo kile tu, si pa nchi, na kwamba M ni ya kufungia, kama nukta mwisho wa sentensi. Akaendelea kujaribu peke yake, akizisoma namba kwa midomo. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasema, "Kwa hiyo unajua kuziwasha na kuzizima."

Nikamjibu ndiyo.

"Basi binti huyu hajui kitu. Anayejua ni wewe."

Kile nilichokuja nacho kututoa ndicho kilichokuwa kinanifunga. Nje lori linanguruma. Nikanyoosha mkono kuizima ile amri, nikaurudisha, maana kuizima nako kungekuwa ushahidi.

Aliyemjibu ni Ancha. Alimwita Sinyori Amade baba, akazungumza naye Kimwani, lugha ya pwani hii inayokaribia Kiswahili, polepole, bila kuinua macho. "Baba, walioichoma nyumba ya mama niliwaona. Ningekuwa na la kuwaambia, lisingekuwa namba. Na huyu, kama ni mwenzao, angekuja hapa kwa miguu yake kunifuata?"

Sinyori Amade alikiweka kipanya chini. Kisha akatoka mlangoni, akawaambia walizime lori. Hakutuambia kuwa hatuna kosa. Alichoamuru ni vipanya vyote vya ofisi vichomolewe, na walinzi wakapita meza kwa meza wakivitia kwenye mfuko wa mchele. Pasipoti yangu alisema atakaa nayo mpaka mambo yatulie.

Mtandao ulirudi baadaye. Nimeweka kwenye kila kompyuta amri ndogo ya kukinyamazisha kioo kila mawasiliano yanapokatika, vyovyote yatakavyokatika. Sinyori Amade alikuja kuihakikisha mwenyewe: akachomoa waya wa mtandao, akasogeza kipanya, halikutoka lolote. Akatikisa kichwa kuridhika, na vipanya vikarudishwa. Nikamwomba pasipoti, akasema kesho. Kesho yake nikamwomba, akasema kesho.

Ancha yeye hakishiki tena kipanya. Anatumia vitufe, na mkono usio na kazi anaukalia. Siku hizi akiingia kwenye chai sauti hazishuki, zinakatika kabisa. Wanawake waliokuwa wakilala naye chumba kimoja wamehama. Na juzi alipoamka alikuta mtu ameandika M kubwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba anayokaa. Tuliifuta pamoja, yeye kwa maji, mimi kwa mchanga, na bado ukiutazama ukuta unaiona.

Kwa hiyo, dada, anayekupa barua hii mkononi ndiye Ancha. Mpokee kama ungenipokea mimi. Mpe kitanda changu. Habari za kaka yake usimuulize mpaka azitaje mwenyewe, na akisikia gari kubwa akasimama ghafla, mwache asimame, atakaa tu. Nilitamani tuvuke pamoja. Bila pasipoti, nikikamatwa njiani naye, yale maneno ya siku ile yataanza upya, na safari hii hapatakuwa na mtu wa kutusikiliza.

Msalimie shemeji yangu Bakari, mume wako, na umwambie sijasahau kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuunga nyaya. Mjomba Selemani anayesomesha watoto Kurani, mwombe anitaje katika dua zake, sababu usimpe. Mama usimsomee barua hii. Mwambie mwanawe anafanya kazi ofisini, kivulini, ambalo ni kweli. Watoto wabusu vichwani.

Ancha akifika usinipigie simu, wala usitume ujumbe wowote wenye jina lake. Anayemvusha mto ni mama mmoja mchuuzi, naye atarudi huku. Mpe kipande cha kanga yako aniletee, nami nitajua. Mpaka kinifikie, kila mlango ukigongwa nitadhani ni walinzi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Issa