Mafaili 212 Ndani ya Mashine Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, chumba cha upelelezi. Tarehe 28 mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi. Yameanza kuandikwa saa 4:10 asubuhi.

Jina: Limeingizwa kwenye kitabu cha kituo. Kazini na mtaani huitwa Mama Kebo.
Jinsia: Mwanamke.
Umri: Miaka 41.
Kazi: Fundi wa kompyuta, amejiajiri.
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha uchapaji, nyumba yenye mlango wa bluu.
Uhusiano na mtuhumiwa: Si ndugu. Amefanya naye kazi wiki tatu.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sijaitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu karani wa karakana ya miguu ya bandia, mama ambaye sote tunamwita Bibi Vibao, amelala mahabusu kwa kosa ambalo, kama lipo, sehemu yake kubwa ni yangu. Anatuhumiwa kuharibu mafaili 212 ya wagonjwa. Nitaeleza nilichokifanya kwa mikono yangu, bila kutia chumvi. Afande ameniomba niseme polepole na nisitumie maneno ya ufundi. Nitajitahidi, ingawa hilo la kwanza ndilo gumu kwangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa 2:30 asubuhi, nilifika karakanani kwa wito wa mkurugenzi. Karakana hiyo hutengeneza miguu kwa watu waliokatwa. Kila mgonjwa ana faili lenye vipimo vyake: unene wa kigutu sehemu nne, urefu toka goti hadi chini, ukubwa wa kiatu, na mchoro. Mafundi wako watatu na wote wanalitaka faili hilohilo, mmoja anayepima, mmoja anayemwaga plasta na mmoja anayeunganisha. Kwa hiyo faili lilikuwa likitembea toka meza hadi meza na kurudi limejaa alama za vidole vyeupe. Tena paa la chumba cha mafaili linavuja, na karatasi nyingi zilishaota ukungu. Mkurugenzi alitaka niweke programu ya kazi ya pamoja, ile inayowaruhusu watu wote kufungua mafaili yaleyale, kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake.

Aliniuliza, "Mashine moja inatosha?"

Nikamwambia kwamba kwenye ofisi kubwa mashine moja hutunza kumbukumbu, nyingine huonyesha kurasa, nyingine hutafuta. Wao wako watano. Mashine moja ingefanya yote, kama chumba kimoja mnachopikia, mnacholala na kupokea wageni.

Akasema, "Nimekulia chumba cha namna hiyo. Weka."

Kabla sijagusa chochote, Bibi Vibao aliniita kwenye chumba chake. Naomba hapa afande aandike kila kitu, kwa sababu kesi yote iko hapa. Kila mfanyakazi wa karakana ile ana kibao chake kidogo cha mbao chenye rangi yake. Ukitaka faili, unaacha kibao chako pale lilipokuwa kwenye rafu. Ukilirudisha, huruhusiwi kulichomeka tu na kuondoka. Bibi anamwita mtu wa pili, wanahesabu kurasa pamoja, ndipo unapewa kibao chako. Yeye husema, "Macho manne, mwanangu. Mawili hudanganyika." Mkurugenzi mwenyewe ana kibao, cha kijani. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna faili lililopotea. Mwezi wa sita mama huyu anastaafu, na jambo alilokuwa akiliongelea kila siku ni kwamba ataondoka rafu ikiwa kamili.

Mimi pia alinipa kibao, cha njano, amekichora waya. Akasema, "Unaichukua mashine yangu, acha kibao." Nikakiweka juu ya mashine. Nilicheka, lakini nilikiweka.

Kuanzia saa 3:15 nilisakinisha. Kwanza programu ndogo zinazotangulia, nikaizima na kuiwasha mashine mara mbili. Kisha programu yenyewe. Iliniuliza: mashine hii itasimama peke yake au itaungana na nyingine? Ikanionya kwamba nikichagua peke yake, sitabadili baadaye bila kuanza upya. Nikachagua peke yake, na ghala la kumbukumbu likajengwa humohumo ndani. Baada ya hapo kuna hatua kumi za kupanga mambo. Kwenye hatua ya nane ikaganda.

Bibi Vibao alikuwa ameketi pembeni anashona foronya. Akauliza, "Imelala au imekufa?"

"Inafikiri, Bibi."

"Hata mkurugenzi huwa anafikiri, lakini hachukui dakika arobaini."

Saa 7:05 mchana ikamaliza, na ukurasa wa kwanza ukafunguka kwenye kompyuta zote tano za karakana. Bibi alisimama akausoma mstari kwa mstari kama barua ya mtoto wake. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Vibao viko wapi?"

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilimwambia vipo. Kwenye mipangilio kuna kisanduku kidogo: ukitia alama, kila faili linalowekwa linahesabika kuwa limeazimwa na aliyeliweka, mpaka atakapolirudisha. Nikatia alama mbele yake. Alifurahi mno, akanipiga bega, akasema mashine ina adabu. Nikamweleza na jambo la pili, ambalo ndilo limetufikisha hapa. Faili jipya ambalo halijarudishwa hata mara moja, mwenzako halioni kabisa. Halionekani kwenye orodha ya mtu yeyote isipokuwa aliyeliweka. Hata msimamizi, yaani mkurugenzi, akifungua orodha anaona patupu, na hawezi kujua kuna kitu mpaka aingie kwenye ukurasa mwingine wa ndani ambao sikumwonyesha.

Nilimweleza Bibi Vibao. Mkurugenzi sikumweleza. Alikuwa kwenye simu, nikaona nisimsumbue. Nilipoondoka nilikuwa nimeshasahau.

Kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 26 Bibi alipitisha mafaili kwenye skana, ukurasa mmoja mmoja. Nilikwenda mara nne kumsaidia. Fundi mkuu alilinganisha kila faili na karatasi yake kwenye kompyuta ya Bibi, na Bibi aliweka tiki kwenye daftari lake. Tarehe 18 alitaka kuanza kuyarudisha. Mimi nikamwambia asirudishe hata moja. Nilitaka kwanza niongeze nafasi ya lazima ya kuandika mguu wa kulia au wa kushoto, ili asirudie kazi mara mbili. Nilimwambia, "Bibi, maliza yote. Ijumaa tarehe 27 saa 2:00 nitakuja, tuyarudishe pamoja. Mimi nitakuwa macho yako mawili mengine." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, nayakumbuka yote.

Tarehe 26, Alhamisi, saa 9:00 alasiri, Bibi alinipigia kuniambia faili la 212 limeingia. Alisema pia kwamba mkurugenzi amemuuliza kama yote yameingia, akajibu yameingia, na mkurugenzi akaamuru karatasi za ukungu zichomwe kwa sababu zinawakohoza mafundi. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Nilimwambia, "Bibi, umemaliza safari." Akajibu, "Bado, mwanangu. Kesho."

Saa 10:20 jioni ileile shemeji yangu alikuja mbio kuniambia dada yangu ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake. Niliondoka kama nilivyo. Simu niliiacha kwenye chaji, juu ya friji. Ijumaa nzima nilikuwa wodini nimeshika mkono wa dada yangu. Saa 8:40 mchana alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu kamili, mwenye mapafu ya mnadi. Afande anasema hilo haliihusu kesi. Naomba libaki, ndilo lililonifanya nisiwepo.

Yaliyotokea karakanani siku hiyo sikuyaona. Nimeambiwa na mkurugenzi mwenyewe leo, kwenye benchi hapo nje. Saa 2:15 asubuhi fundi mkuu alimwomba vipimo vya mwalimu wa hesabu anayevishwa mguu Jumatatu. Mkurugenzi alifungua orodha, akakuta patupu. Karatasi zilikuwa majivu. Bibi Vibao akamwambia, "Mafaili yamo mle ndani, msubiri Mama Kebo." Wakapiga simu yangu, haikupokelewa. Bibi akaomba aingie kwa neno lake la siri awaonyeshe. Mkurugenzi akakataa, akahofia kitu kingine kitafutika, akafunga mlango kwa kufuli na kuita polisi. Simlaumu sana. Watu 212 wangelazimika kusafiri tena kupimwa, wengine kwa magongo. Yeye mwenyewe anatembelea mguu uliotengenezwa pale, na faili lake ni miongoni mwa hayo.

Leo Jumamosi saa 3:05 asubuhi nilirudi nyumbani nikakuta simu kumi na tisa ambazo hazikupokelewa. Kumi na mbili ni za karakana. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa fundi mkuu: "Wamemchukua Bibi." Nilikaa sakafuni. Nimewahi kuharibu mashine za watu, na nikalala usingizi. Hili ni jambo lingine. Nimemtia doa mtu ambaye hata kalamu ya ofisi haendi nayo nyumbani.

Afande ameniuliza kama nina hakika mafaili yamo. Nitajibu kweli. Naamini yamo, ila kwa macho yangu sijayaona yote. Kila kitu kiko ndani ya mashine ile moja: programu, ghala na mafaili. Nakala ya akiba nilipanga kuitoa Ijumaa, siku ambayo sikuwepo. Na mkurugenzi ameniambia kwamba jana wakati wa kufunga chumba alichomoa waya wa umeme bila kuizima mashine, ili isiguswe. Mashine ikikatiwa umeme ghafla mara nyingi huamka salama. Mara chache haiamki. Nimekaa kwenye benchi lile nikiwaza hizo mara chache.

Ombi langu ni kwamba Bibi Vibao apelekwe karakanani, hata kwa ulinzi, aingie kwa neno lake la siri yeye mwenyewe. Mtakapoingia mtaona kibao changu cha njano bado kiko juu ya mashine. Maana yake kwa watu wa pale ni kwamba kazi haijarudishwa. Mkurugenzi alikiona jana na hakukitilia maanani, na mimi niliyekiacha ndiye niliyepaswa kuwa pale.

Kama hayamo, niandikeni mimi. Kama yamo, natumaini mama yule atarudi nyumbani leo, na nitamwomba radhi mbele ya wote, si pembeni.

Nimesomewa niliyoyaeleza na nimeyakubali: niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyasahau.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Saa 5:25 asubuhi.

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Kwa idhini ya mkuu wa kituo, saa 6:10 mchana nilifika karakanani pamoja na shahidi, mkurugenzi na mtuhumiwa. Kufuli ilikuwa salama. Kibao cha njano kilikuwa juu ya mashine. Shahidi alirudisha waya wa umeme na kuwasha. Mashine ilichukua dakika kumi na moja kuamka.

Mtuhumiwa aliingiza neno lake la siri. Orodha ilifunguka ikiwa na mafaili 212. Niliyahesabu mimi, kisha mkurugenzi. Kwenye kompyuta ya mkurugenzi, wakati huohuo, orodha ilikuwa tupu. Mtuhumiwa aliomba faili la kwanza kurudishwa liwe la yule mwalimu wa hesabu. Shahidi aliongeza ile nafasi ya mguu, ikaandikwa "kushoto", faili likarudishwa, na mkurugenzi akaliona kwenye kompyuta yake. Alisema, "Bibi, nisamehe." Mtuhumiwa alijibu, "Hesabu kurasa kwanza." Alizihesabu. Zilikuwa tisa. Shahidi aliomba radhi kwa sauti mbele ya mafundi waliokuwepo, akalia, akaendelea na kazi.

Mkurugenzi, ambaye ndiye mlalamikaji, alirudi nasi kituoni na ameondoa lalamiko. Karani aliachiwa saa 8:35 mchana baada ya kurudi kituoni kukamilisha taratibu. Nilipomwambia yuko huru hakuondoka. Aliomba kuona kitabu cha mahabusu, pale alipoandikwa jana kuwa ameingia, na akataka aone imeandikwa kwamba ametoka, isomwe na watu wawili.

Tulimsomea mimi na mkurugenzi, kwa sauti, mara moja kila mtu. Akashukuru, akachukua mkoba wake, akaenda.