Mafuta ya Kondoo Kwenye Gurudumu la Nyuma

Nambis,
Mbulu, Mkoa wa Manyara.
Jumapili, 19 Novemba 2006

Mpendwa kaka Baltazar,

Shikamoo kaka. Habari za Arusha, na habari za biashara ya baiskeli? Wifi Mectilda mgongo wake unaendeleaje? Hermani na Justina wanasoma vizuri? Sisi huku tu wazima, ila shemeji yako Yona anakohoa kidogo kwa ubaridi wa asubuhi. Mvua imeanza vizuri na maharage tumeshapanda.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata, ile unayouliza kama Violeth aje mwezi wa kwanza akae kwako na kusoma ushonaji. Nimekaa nayo karibu miezi miwili bila kukujibu. Si kawaida yangu, najua, na nasikia umeshawauliza makondakta wa basi kama tuko hai. Jibu ninalo. Lakini kwanza nikueleze habari ya baiskeli, maana jibu limetoka humo.

Unakumbuka Pasaka ulivyoishusha kutoka juu ya basi, nyekundu, ina gia, matairi manene ya milimani. Ulisema imetoka Ulaya kwenye kontena, na kwamba tangu biashara iachiwe huru hata mkulima wa Nambis anaweza kupanda anachopanda Mzungu. Nilikupa pesa ya vitunguu swaumu vya misimu miwili, kwa sababu mwanangu alikuwa anatembea saa mbili kwenda sekondari na saa mbili kurudi, na mwaka huu ndio wa mtihani wake. Nilikuuliza swali moja tu, kama magurudumu ni mazima.

Ukanijibu mbele ya Yona: "Geni, hilo la nyuma nimelifungua kwa mikono yangu. Gololi mpya, grisi mpya. Fundi yeyote asiliguse, atakuharibia."

Halafu ukaipanda mwenyewe ukazunguka uwanja wa kanisa, watoto wanakukimbilia nyuma. Siku ile nilijisikia dada wa mtu mkubwa.

Haukupita mwezi gurudumu likaanza kucheza. Ukilishika kwa juu na kulisukuma linakwenda kushoto na kulia, na Violeth akipanda mlima tairi linagusa fremu. Nilikaza nati za ekseli mwenyewe kwa spana ya Yona. Likatulia siku mbili, likarudia.

Hapo nikafanya kosa ambalo sijalisahau. Nilimgombeza Violeth. Nilisema anapakia wenzake kwenye keria, anashuka mabonde kama mwehu, anaharibu kitu cha mjomba wake. Alikana, akalia, na mimi nikazidi kusema. Baba yake akaniambia nimwache mtoto. Sikumwacha, kwa sababu kama si Violeth aliyeharibu, ingebidi iwe ni wewe, na hilo halikuniingia akilini.

Mwezi wa saba nikaipeleka kwa Gidabuday, yule fundi wa pale mnadani. Akanyoosha spoku, akazungusha gurudumu, akaweka sikio karibu. Akasema, "Mama Violeth, ugonjwa uko katikati, si kwenye spoku. Niruhusu nifungue hapa nione gololi." Nikamkatalia. Nilimjibu kwamba kaka yangu ni fundi kabla yeye hajazaliwa, na ameshafungua. Akanirudishia baiskeli, na malipo hakutaka.

Tarehe kumi na nane mwezi wa tisa, kwenye mteremko wa kwenda darajani, gurudumu lilikaba ghafla. Violeth akarushwa. Amevunjika mkono wa kushoto juu kidogo ya kiganja, na meno mawili ya mbele yamemeguka. Mtihani ameufanya mkono ukiwa umefungwa plasta shingoni. Namshukuru Mungu kila siku kwamba anaandika kwa wa kulia. Barua yako ilifika siku nne baada ya hapo. Nilikuwa namlisha uji nilipoisoma.

Wiki iliyofuata nikairudisha kwa Gidabuday nikamwambia afungue. Alitandika gunia, akaipindua baiskeli, akatoa nati, akatoa koni zinazobana gololi. Palipotakiwa kuwa na gololi tisa kila upande, huku zilikuwamo nne, huku tatu, na hizo zenyewe zimelika kama punje za mtama. Nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa ngozi. Kipande cha ngozi ya mkanda, kimekatwa mviringo, kimetobolewa katikati, kimelowana mafuta.

Gidabuday akanusa kidole chake akasema, "Hii siyo grisi. Sasa nani ameweka mkia wa kondoo humu?"

Nilijua nani, kaka. Dunia nzima wanaojua dawa ile ni wawili. Unakumbuka baiskeli ya baba, mwaka ule wa njaa, gololi haziko madukani na hata zingekuwepo hatukuwa na kitu. Wewe ulikata mkanda wake wa zamani, mimi nikayeyusha mafuta ya mkia kwenye kigae, tukalowesha ngozi usiku kucha. Gurudumu likakaa kimya kama jipya, na baba akapeleka mahindi mashineni Dongobesh. Nilikuwa na miaka tisa na niliona hakuna mtu mwenye akili kukuzidi. Na maneno uliyoniambia siku ile ninayo mpaka leo: "Hii inafika Dongobesh na kurudi. Haizidi hapo."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua inafika wapi na inaishia wapi, ukazunguka uwanja wa kanisa, ukapanda basi ukaondoka. Na ulinikataza fundi asiguse, si kwa ajili ya baiskeli, ila nisione mkono wako humo ndani.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia kwamba kiwanda kilipobinafsishwa wakakupunguza kazi, hali ilikuwa ngumu, na Mectilda alikuwa hospitali. Yote ni kweli. Lakini ungeniambia tu, "Geni, gololi hazipo, tafuta zako," ningezitafuta, ningekupa pesa ileile, na ningekushukuru. Mteja usiyemjua ungemfanyia hivi ningesema ni biashara. Mimi ndiye niliyekuyeyushia mafuta. Imeniuma kaka, sina neno lingine. Kuna siku nilikuwa napalilia nikajikuta nimesimama na jembe nalia, jirani akafikiri tumefiwa.

Baiskeli sasa ni nzima. Tumeweka koni mpya, gololi zote kumi na nane, na grisi ya dukani. Gidabuday alinifundisha kuikaza: unasogeza koni mpaka gurudumu linaacha kucheza lakini bado linazunguka lenyewe, halafu unaishika koni kwa spana moja isigeuke na kukaza nati ya juu kwa nyingine. Nimeifanya mwenyewe mara ya pili, akasema imekubali. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki.

Sasa jibu la barua yako. Violeth hatakuja Arusha. Atakaa Babati kwa wifi yangu Marieta, dada yake Yona. Chumba ni kidogo na cherehani ni moja, lakini Marieta akisema kuna chakula, kipo. Wewe ukiniambia mtoto anakula vizuri, analala salama, hakuna anayemsumbua, nitajuaje kilichomo ndani? Yona alisema nikuandikie kwamba mkono haujapona vizuri. Nimekataa. Na Mectilda mweleze sababu ya kweli, asije akafikiri nina neno naye.

La mwisho ni ng'ombe wako, yule uliyeniachia mwaka ulipopunguzwa kazi. Desturi yetu unaijua: hatukuandikiana, maziwa na samadi ni vyangu, ndama ni wako, na tangu umlete hujaja kumtazama, hata Pasaka. Alizaa Jumanne alfajiri. Tulimvuta ndama kwa kamba mimi na Yona, alikuja miguu ya nyuma kwanza, tukadhani amekufa, Yona akampulizia puani mpaka akapiga chafya. Ningeweza kukuandikia kwamba alizaliwa dume akafa, na wewe ungenipa pole. Ni jike, mweusi, ana doa jeupe tumboni, ananyonya vizuri. Ni wako.

Yona na Violeth wanakuamkia. Wasalimie Mectilda, Hermani na Justina, na mzee Alfredi hapo jirani. Mungu awape riziki ya halali na awalinde barabarani na nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, ambaye nimeshindwa kuacha kukupenda,

Genoveva