Mawe Yenye Majina

Jumatatu, 7 Februari 2022

Amri mpya. Kuanzia kesho kila mtoto aje na jiwe. Watoto mia tatu na kumi na wawili, jiwe moja kila mmoja, kila siku ya Mungu! Directeur Munguakonkwa, mkuu wetu wa shule, ametangaza kwenye mstari wa asubuhi, mikono nyuma, tumbo mbele. Mawe yapo tele, amesema, volkano imetuletea bure. Hakuna aliyecheka. Mwezi wa tano mwaka jana hiyo volkano ilimeza madarasa yetu sita na nyumba ya mama Dancille pale jirani. Tangu hapo tunafundisha chini ya bâche, turubai tu. Jua likiwaka tunaiva, mvua ikinyesha tunaacha.

Kujenga lazima, sikatai. Lakini kwa nini jiwe? Kwa sababu serikali imesema shule ya msingi ni bure, mzazi asitozwe hata franc. Pesa ya kuendesha shule inatoka Kinshasa, inapita mikononi mwa wakubwa sijui wangapi, na ikifika huku juu Kibati imebaki boksi mbili za chaki. Jiwe si pesa. Hakuna sheria inayokataza jiwe. Akili hiyo imetoka kwa président wa comité ya wazazi, papa Célestin Mbarushimana, mwenye Fuso na depo ya simenti. Muuza simenti anatuhimiza tujenge — huruma gani hiyo!

Jumatano, 9 Februari

Directeur analalamika kwamba kuna wavivu wanaokuja mikono mitupu. Anataka contrôle. Mimi, mjinga wa kwanza, nikatoa wazo: kila mtoto aandike jina lake na darasa lake kwenye jiwe. Tuna kopo la rangi nyeupe lililobaki tulipoandika kibao cha shule. Amenisifu mbele ya wenzangu. Nikafurahi! Miaka tisa kazini na bado nafurahia kusifiwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Miaka tisa, na bado naitwa NU. Nouvelle unité — mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye liste ya mishahara. Upya gani huo wa miaka tisa? Zamani wazazi walichanga prime, posho ya walimu, tukala. Shule ilipotangazwa bure, prime ikakatazwa, na liste haikufunguliwa. Nalala na kula kwa dada yangu Charline, anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, soko la Kituku. Ananipakulia kwanza mimi, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Ijumaa, 18 Februari

Uwingabire wa darasa la nne, binti wa mama Dancille. Alitaka kuleta jiwe kubwa kuliko la wenzake. Limemponda vidole viwili vya mkono wa kulia.

Directeur ameuliza kwanza kama ilitokea ndani ya uwanja au nje. Nje, hatua kama ishirini hivi. Basi, shule haihusiki. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa nikampeleka dispensaire kwa miguu. Njia nzima hakulia. Aliniuliza tu kama jiwe lake litahesabiwa. Nikasema litahesabiwa. Jioni nimeliandika jina lake mwenyewe, UWINGABIRE 4, herufi kubwa, nikaliweka jiwe juu kabisa ya rundo.

Jumatatu, 21 Februari

Ijumaa rundo lilinifika kifuani. Leo linanifika gotini! Sentinelle, mlinzi wetu, anasema Fuso ya président ilikuja Jumamosi wakati watu wote wako kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, wanazibua mitaro. Ati mawe yamepelekwa kupimwa. Jiwe linapimwa nini, homa?

Nimeingia kwa directeur na hasira zangu zote. Ameniambia nifundishe, mambo ya ujenzi yana wenyewe. Halafu, bila hata kuinua macho: Jumamosi vaa vizuri, nitakupeleka nyumbani kwa Mkubwa, kwa ajili ya dossier yako, lile faili la kuomba mshahara. Majina mapya ya liste yanaondoka mwisho wa mwezi wa tatu.

Hasira zikaniisha palepale. Ninaandika hivi kwa aibu. Nilitoka ofisini nikisema asante.

Jumamosi, 26 Februari

Mkubwa — kila mtu anamwita hivyo tu — ndiye anayepeleka majina ya walimu kutoka bureau ya elimu. Anajenga kule mjini Goma, upande wa ziwani. Alitukaribisha uani. Fanta baridi, viti vya plastiki, mke mpole. Alisoma dossier yangu kwa kidole. Akasema nina diplôme nzuri, ajabu nimesahauliwa. Ajabu kweli!

Mbele yangu ukuta mpya, simenti bado mbichi. Mawe meusi, meusi, meusi. Fundi alikuwa makini, nyuso zote zenye rangi amezigeuzia ndani. Moja tu lilimpita, chini, karibu na bomba.

UWINGABIRE 4.

Mwandiko wangu. Nilikohoa mpaka mke wa Mkubwa akaniletea maji.

Njiani sikuweza kunyamaza. Nilimwambia directeur nimeona jiwe. Hakushtuka. Ningalipenda ashtuke hata kidogo.

— Ile majiwe njo dossier yako, mwalimu. Ulizani dossier inatembeaka yenyewe?

Nikasema mawe ni ya watoto. Akasema na mimi ni mwalimu wa watoto hao hao. Nikilipwa nitafundisha vizuri, kwa hiyo mawe yamerudi kwao. Mkono mtupu haulambwi, akaongeza. Tena ameniambia nimshukuru président, maana hakudai hata pesa ya mazuti ya Fuso. Wamenihonga kwa mawe ya wanafunzi wangu bila hata kuniuliza, na sasa mimi ndiye mwenye deni la shukrani!

Jumapili, 27 Februari

Nimeenda misa. Sikupokea komunyo. Charline ameuliza kwa nini, nimesema tumbo.

Niandike hapa, maana popote pengine sitasema: naitaka hiyo liste. Nataka kununua sambaza kwa dada yangu kama mteja. Naitaka mpaka usingizi umenihama.

Jumatano, 2 Machi

Amekuja bwana mmoja wa shirika, kijana mwenye futi ya kupimia. Shirika litatoa mabati na mbao kwa shule zilizoliwa na volkano, ila wazazi waonyeshe mchango wao kwanza. Alitaka kuona mawe. Directeur alimwonyesha rundo lililobaki. Kijana akaandika kitu. Akasema atarudi Jumatatu, na kama mawe yametumika kwa kazi nyingine ya shule, basi apewe PV, kumbukumbu zilizosainiwa za mkutano wa wazazi.

PV! Macho yote yakanigeukia. Mwandishi wa comité ni mimi.

Mchana directeur na président wameniita. Wameshaitunga kichwani: wazazi waliamua mawe yafukie shimo la choo cha zamani, lililokuwa hatari kwa watoto. Shimo lenyewe liko chini ya lava tangu mwaka jana. Nani atachimba aone? Mkutano Ijumaa, PV Jumatatu asubuhi. Président alikuwa mpole kama padri. Alisema dossier yangu Mkubwa bado hajaisaini, anangoja shule yetu itulie.

Na mbaya zaidi ni hii. Kwenye mikutano yetu watu husaini kwanza. Karatasi ya majina inazungushwa mwanzoni, kila mzazi anasaini au anaweka dole gumba, halafu ndipo maneno. Nami naandika PV nyumbani, kwa nafasi, naibandika mbele ya majina. Sheria hiyo niliileta mimi, miaka sita iliyopita! Watu walikuwa wakiondoka kabla sijamaliza kuandika. Nilijiona mjanja. Sasa najiuliza ni PV ngapi nilizoandika "wazazi wote kwa sauti moja" wakati sauti ilikuwa moja kweli — ya président.

Ijumaa, 4 Machi

Mkutano. Wazazi themanini na saba chini ya bâche, mawingu yameshuka.

Nilisimama. Nikasema leo hatusaini kwanza. Leo tuzungumze habari ya mawe, niandike hapa hapa, nisome mbele ya wote, ndipo karatasi izunguke. Directeur aliacha kuchezea kalamu. Président alitabasamu tu. Alijua. Hakuhitaji kunizuia.

Manung'uniko yakaanza nyuma. Kuna aliyesema walimu wanapenda maneno. Kuna aliyeuliza kama kuna transport, pesa ya nauli. Nikamtafuta mama Dancille kwa macho. Nilisema moyoni, huyu, huyu atauliza, mtoto wake hana vidole viwili vya kushikia kalamu. Akasimama kweli.

— Mwalimu Kasoki, mvula iko nakuya na niliacha maharagi ku moto. Leta tusaini, utaandika kama kawaida. Weye tunakuaminiaka.

Wakapiga makofi! Karatasi ikanyakuliwa mkononi mwangu, ikazunguka. Nilipaza sauti nikasema mawe yameibwa. Nilisema, naapa. Lakini ndipo mvua ilipopiga bâche, na huijui sauti ya bâche mpaka usimame chini yake ukitaka kusema kitu. Wa mstari wa mbele alikuwa directeur. Yeye alisikia.

Karatasi ilirudi imelowa, na majina themanini na saba. Mama Dancille ni dole gumba, namba arobaini na mbili.

Jumamosi, 5 Machi

Sikuandika. Nimeosha nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 6 Machi

Nimeandika mbili. Ya kwanza ina shimo la choo. Ya pili ina Fuso, ukuta, bomba, UWINGABIRE 4, na jina langu kama mwenye dossier. Ya kwanza imenichukua robo saa. Kwa mazoea! Ya pili imekula siku nzima, na hapo nimegundua jambo linalonichekesha vibaya: hata yenyewe ni ya uongo. Inasema "wazazi wamelalamika." Hawakulalamika. Walisaini wakakimbilia maharagwe.

Wananiamini. Hilo ndilo lililobaki la kweli, na linafaa karatasi yoyote.

Charline ameuliza ni barua za nani. Nikamsomea zote mbili. Amefikiri kidogo. Amesema aliye juu mngoje chini. Nikamwambia nimengoja miaka tisa, dada. Akasema, na mimi nimengoja na wewe. Kisha akaenda kulala bila kusema nichague ipi.

Jumatatu, 7 Machi

Naandika haya kwenye meza ya darasa, saa ya récréation, watoto wanacheza nje. Kijana wa shirika amefika, yuko ofisini. Nasikia président anacheka naye. Directeur amemtuma mwalimu Darius kwangu mara mbili: PV iko wapi? PV ziko mbili kwenye mkoba wangu, chini ya kila moja nafasi ya jina langu, bado tupu. Majina ya wazazi nimeyaweka kando, hayajabandikwa.

Asubuhi watoto walikuja na mawe. Bado wanaleta! Hakuna aliyewaambia waache. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari, nahakiki.

Uwingabire amekuja wa mwisho, récréation hii. Mkono wa kulia umefungwa. Kwenye wa kushoto jiwe dogo, la kutosha kuvunjia karanga. Amesema lile kubwa halioni tena kwenye rundo, labda liko chini kabisa, basi ameleta jingine. Akasogeza kopo la rangi kwa mguu mpaka kwangu, akanipa jiwe.

— Mwalimu, uniandikie. Huu mukono haiyue kuandika.

Nilichukua burashi. Nikaandika U. Nikaandika W. Hapo nikaiweka burashi chini. Jiwe liko hapa mezani, rangi imeanza kukauka kwenye herufi mbili, naye amesimama mbele yangu, hataki kwenda kucheza na wenzake mpaka jina liishe. Darius amerudi mara ya tatu. Safari hii hakuja peke yake, directeur yuko nyuma yake, mkono umenyooshwa. Uwingabire anamwangalia yeye, kisha ananiangalia mimi, kisha jiwe. Naweka kalamu chini, nachukua burashi.