Mjomba Hahesabiwi

Francistown

Mpwa wangu Tshenolo,

Uniwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Mvua zimenyesha, na ng'ombe wa mama yako wamenona.

Hapa kiwandani tuna mkakati mpya wa utumishi, nami, nikiwa meneja, ndiye niliyeuandika. Likizo ya msiba ni kwa aliyefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto tu. Mkakati umefaulu: utoro umepungua, na mikate inafika madukani kabla watoto hawajaenda shule.

Kisha Oteng, mwokaji wetu, akafiwa na mjomba aliyemlea. Nilimnyima ruhusa. Alikwenda akazika, akarudi kazini.

"Sheria uliijua?" nilimwuliza.

"Niliijua, Rre, mzee wangu. Sasa jeneza angelibeba nani? Meneja?"

Wenzake walicheka. Mkurugenzi, Mma Tshukudu, hakucheka. "Mzee, ukimwachia huyu, wiki ijayo nusu ya kiwanda iko makaburini. Mfukuze."

Anasema kweli, na ndilo linaloniumiza. Oteng naye ana watoto wanaomtegemea.

Mpwa wangu, daktari ameniambia kwamba dawa hazitanisaidia tena. Sikuzaa. Wa kunizika ni wewe, nawe, uliyeajiriwa katika tawi letu la Maun, umo chini ya kanuni hiyohiyo. Usimwambie mama yako bado.

Jumatatu natakiwa kutia saini barua ya kumfukuza Oteng. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mjomba wako,
Kgosietsile