Imebaki Vifungo Tu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, na wewe unajua fundi ana kazi mbili, kushona na kueleza kwa nini hajashona, na hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa bingwa wake, maana mzee nilimwamkia shikamoo nikausingizia umeme, msichana nikamwambia gauni la umbo kama lake haliharakishwi, na wote waliondoka wakicheka. Sasa mke wangu Lavender akachoka kuniona naacha cherehani kila mara nijibu simu, akaniwekea simuni akili bandia ya kuwaandikia wateja majibu kwa niaba yangu, nami nikaifundisha sentensi moja tu, ile ninayoiamini, kwamba nguo imebaki vifungo tu, kisha nikaendelea kupokea vitambaa vipya kwa raha zangu. Lo! Iliwajibu wote vivyo hivyo. Jirani yangu Dhahabu, aliyeniletea mapazia, alinisimamia mlangoni: "Fundi, mapazia yangu yana vifungo? Kwani dirisha linakwenda arusi?"

Kumbe huo ulikuwa mwanzo. Wanakwaya wa kanisa letu, walioniletea kitambaa cha majoho, waliuliza kila mmoja kwa simu yake, wakajibiwa vifungo, wakasomeana majibu mazoezini, na majoho yenyewe ni ya zipu. Lavender kwa aibu akaieleza mashine kila kitu kilivyo dukani, akaiamuru iseme kweli tupu, na mwenyekiti wao, mama Agneta, alipouliza tena ikamjibu kwa adabu zote kwamba kitambaa bado hakijatolewa mfukoni. Akaja mwenyewe. "Hodi, fundi. Nimekuja kuuamkia mfuko." Nikausukuma mfuko chini ya meza kwa mguu. Amesema Jumamosi ataondoka na majoho, au ataondoka na kitambaa akipeleke kwa fundi wa Frere Town, na kwaya ikihama kanisa zima litaifuata. Sasa niambie, mshauri, niizime hii mashine au niifundishe kudanganya kwa akili?

Nguma, Mikindani

*

Fundi Nguma,

Nimecheka, kisha nikakasirika, kwa sababu mimi pia nina gauni huko Kisauni lililobaki vifungo tangu mwaka jana. Pole kwa ile ya mapazia. Kwa mengine sina pole.

Mashine usiizime, na uongo usiifundishe. Imekunyang'anya kazi moja tu, ya kudanganya, na hata hiyo haiiwezi, kwa kuwa haimwoni mtu usoni. Kweli nayo inaisema kama mtoto mbele ya wageni. Siku mteja akiiuliza mbona joho lake limekatwa vile, itamjibu kwamba bega lake moja limeshuka. Fundi hulipima bega hilo, akanyamaza, akakata nguo ikakaa sawa, na mama wa watu akatembea kanisani kama malkia. Hiyo ndiyo kazi yako, bwana, nayo haijachukuliwa na mtu. Ulidhani wateja wanafuata mdomo wako? Wanafuata mkasi. Mdomo waliusamehe.

Kwa hiyo leo usipokee kitambaa chochote, hata cha leso ya kujifutia jasho. Fungua huo mfuko, kata, halafu mpigie mama Agneta. Umpigie, usimwandikie! Mwambie umeanza, na iwe kweli umeanza. Umwombe radhi bila kuutaja umeme. Simu nyingine waachie mashine na Lavender, waendelee kusema kweli wakati wewe unashona. Dhahabu naye mbembeleze kidogo asubiri, dirisha lake halina arusi wiki hii.

Na Jumamosi, zipu ya mwisho ikishatiwa, majoho yakiwa yamenyooshwa na kutundikwa, mpigie tena mama Agneta umwambie yamebaki vifungo tu. Akikutukana huku anacheka, ujue kwaya haijahama.