Kiapo Ulichoapa kwa Ajili Yangu

Kingsbury, London
Jumanne, mchana

Mdogo wangu Mghoi,

Salamu hizi zikukute umeketi barazani, magoti yamekupa nafasi ya kupumua. Je, jicho linaonaje tangu walipokutoa mtoto wa jicho? Na shemeji, bado anapanda juu ya mapaa ya watu kwa umri ule?

Mimi bado nipo, ingawa kuwepo kwenyewe ni kusinzia na kuamka. Moyo umechoka. Daktari aliniambia hivyo kwa upole mwingi, kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari lenye makosa. Binti yangu Wakesho ameniwekea kiti dirishani. Chini kuna duka la Wagujarati, na harufu ya bizari ikipanda ngazi hunijia pamoja na ukungu wa kwetu Wundanyi. Usicheke. Naona kabisa ukungu ule ukishuka barabarani, ukipita katikati ya mabasi, na mama yumo ndani yake na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, hana haraka.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yako ya Jumapili kwenye simu.

"Nimeshasafisha mahali kando ya kaburi la mama," ulisema. "Pako tayari. Lakini kwanza nataka nisikie kutoka kinywani mwako, Mwadime. Ulikuwa mkomunisti, au hukuwa?"

Nikakuuliza kama mvua za vuli zimefika.

"Aa-aa! Mvua tena? Miaka yote hii unaniandikia mvua! Ulipokwisha kwenda London chifu aliniita, nikashika Biblia nikaapa kwamba kaka yangu si mkomunisti, ndipo wakaniacha niendelee kufundisha. Sasa niambie, niliapa kweli au niliapa uongo? Ukinijibu mvua, haki ya Mungu, utazikwa hukohuko na Wazungu wako!"

Ukakata simu. Wakesho alikuwa akisikiliza. Akacheka, akasema kwa Kiingereza chake kwamba shangazi angefaa kuwa hakimu. Mimi sikucheka. Habari ya Biblia hiyo sikuwahi kuisikia.

Kwanza nikueleze mvua. Unakumbuka niliporudi kutoka Ujerumani ya Mashariki na shahada yangu ya udaktari wa mifugo. Siku zile serikali yetu iliogopa ukomunisti kama kipindupindu. Aliyetoka kule alidhaniwa ameubeba mwilini. Pale uwanja wa ndege afande alifungua sanduku langu, akatoa kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, akakipekua picha kwa picha.

"Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wa kitabuni, afande."

"Najua ni wa kitabuni, mimi si mjinga. Ni wa mtu, au ni wa wote?"

Nikamwambia ni wagonjwa tu. Kitabu akabaki nacho. Shahada yangu haikutambuliwa, hakuna ofisi ya mifugo iliyonitaka, na barua zikaanza kufika zimefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi mbaya. Ndipo mimi na wewe, tumesimama penye bomba la maji nyuma ya kanisa, tukakubaliana kwamba popote nitakapokwenda tutaandikiana mvua, mahindi na mbuzi, basi. Nikaja London kutafuta kazi. Pasipoti ilipokwisha muda, ubalozini waliipokea na hawakuirudisha. Mama alipofariki, kabla sijapewa uraia wa huku, sikuwa na karatasi ya kuvukia mpaka wowote. Jambo hilo nisingeweza kuliandika, kwa hiyo nilikuandikia kwamba huku kunanyesha. Nilijua utaniona jiwe.

Na huku nako walikuja. Wanaume wawili wenye makoti marefu walimuuliza mama mwenye nyumba nani hunitembelea na tunaimba nyimbo gani. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja kunywa chai. Sisi Waafrika wa mtaa ule tukaanza kutazamana, kila mmoja akijiuliza ni nani kati yetu aliyesema. Nikaacha kuongea Kiswahili ndani ya basi. Hakuna aliyenipiga wala kunifunga, Mghoi. Niliishi tu kama mtu anayevuta hewa ya kuazima. Juzi nilikuwa nikimsimulia Wakesho haya, na yule msichana wa Kitui anayekuja kuniogesha akaenda kufunga dirisha.

"Mzee, punguza sauti," akasema. "Wewe ni raia. Mimi niko kwa viza."

Nikapunguza.

Sasa jibu. Ndiyo, mdogo wangu. Nilikuwa.

Ilikuwa Leipzig, wakati wa baridi, katika chumba kilichonuka makaa na makoti yaliyolowa. Mtu mmoja alikuwa akieleza jinsi ardhi inavyotoka mikononi mwa wanaoilima, na mimi nikamwona baba akisukumwa mlimani ili mkonge upate bonde. Hakuna aliyewahi kunieleza jambo lile. Nyumbani tuliambiwa tuombe. Walipouliza nani anajiunga na chama, niliinua mkono. Sikulazimishwa wala sikununuliwa. Nilifurahi kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake.

Kisha mwalimu wangu wa upasuaji hakuja darasani. Nilipouliza aliko, wenzangu walitazama viatu vyao. Nikaanza kuona kwamba huko nako barua zilikuwa na gundi ileile mbaya. Imani ikanitoka polepole kama homa, siku yenyewe siijui. Niliporudi nyumbani sikuwa nayo tena. Kwa hiyo ulipoapa, sikuwa. Lakini nilikuwa nimekuwa, na hadi leo sioni kama nilikosea kuhusu mkonge. Kiapo chako kipime mwenyewe. Mimi sitakupimia.

Jana nilisinzia nikaota yule afande amekuja, mzee kama mimi, ameketi ukingoni mwa kitanda na kitabu changu mapajani. Ng'ombe walikuwa wakitoka kurasani mmoja mmoja, wakishuka ngazi hadi barabarani, na magari yakisimama kuwapisha. Hakuuliza ni wa nani. Nikataka kumweleza habari za Leipzig, lakini nikaona si yeye anayestahili kuambiwa kwanza.

Natamani kulala kando ya mama. Ningepapata mahali pale kwa neno moja la "hapana" kwenye simu, na wewe ungelala usingizi wako. Ukiona siwezi kukaa pale, mwambie Wakesho, nimeshamweleza yote. Kuna makaburi hapa karibu yenye nyasi na utulivu. Sitakulaumu. Ila usikawie, maana ningependa kulisikia jibu lako hata likiwa kali.

Nisalimie shemeji, na umwambie ashuke paani. Msalimie mjane wa binamu yetu, aliyemuuguza mama nilipokuwa sipo; mkono wake naushika kwa mikono yangu miwili. Msalimie na mwanao mwalimu, aliyerithi ukali wako.

Na watu wakija matangani, huko au huku, wakuulize kaka yako alikuwa mtu gani, usishike Biblia tena kwa ajili yangu. Wasomee barua hii, na usiruke mahali.

Kaka yako,
Mwadime