Mama Hataomba Kibali cha Kuishi Kwao

Arusha

Mama yangu, shikamoo.

Nanyi nyote mlioketi kwenye mkeka huo hapo Kisarawe kumsikiliza Kaka Shomari akisoma, ndugu wa damu na majirani, wapiganaji wenzangu! Nawasalimu kwa heshima ya mapambano ambayo hakuna kati yetu aliyeyachagua, na ambayo hakuna kati yetu atakayeyakimbia.

Mama, je, goti limeacha kukuuma unapoinuka kwenye sujudu? Baba Mdogo amemaliza kupuliza salfa kwenye mikorosho, au bado anabishana na bomba lake? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenifanya nivae sweta mbili darasani, na wenzangu wananicheka, wanasema watu wa Pwani tumeumbwa bila ngozi. Nacheka nao. Lakini vichekesho, kama tulivyojifunza nyumbani kwetu mwaka huu, vina mahali pake.

Kwa kuwa barua hii itasikilizwa na watu ambao hawakuwapo tangu mwanzo, niruhusu nieleze.

Marehemu Babu, baba yake Mama, alizaliwa Maneromango, mikorosho ikimzunguka pande zote. Alihamia Ruvu kulima mpunga, akamwoa Bibi, binti wa hapo hapo Ruvu, na hapo ndipo Mama alipozaliwa, nchi ikiwa tayari na bendera yake. Katika ujana wake Babu alizungukia kusini akinunua korosho, akarudi na mazoea ya kuwasalimu watu kwa lugha za huko. Hilo tu! Hilo lilimtosha Mzee Kazimoto, Mnyamwezi, mtani wa nyumba yetu, kumwita Babu mtu wa Msumbiji kwa maisha yake yote.

Siku ya maziko mnaikumbuka. Mzee Kazimoto alilala njiani mbele ya jeneza, akanyoosha miguu.

"Simameni! Maiti huyu ana pasipoti? Mpelekeni akazikwe kwao Msumbiji! Na binti yake huyu anayejiliza, naye afungashe!"

Mama, machozi yakiwa bado yanamtiririka, akamwambia, "Ondoka hapo, Kazimoto, tusije tukakuzika wewe kwanza."

Watu wakacheka katikati ya msiba, maana hiyo ndiyo kazi ya watani. Mzee akapewa kuku wake, akainuka, jeneza likapita. Mmoja wetu akarekodi kwa simu, akaweka kwenye kundi la ukoo. Nani angeona ubaya? Lakini kilichowekwa kwenye kundi la ukoo hakikukaa ndani ya ukoo.

Wakati huo Mama alikuwa ameshaomba pasipoti ili aende Hija. Siku ya arobaini akaja kijana mmoja aliyevaa shati safi, hatukumjua, tukamkaribisha, tukampa pilau. Alikaa karibu na Mzee Kazimoto, akauliza kwa adabu marehemu alikuwa mwenyeji wa wapi. Mama alikuwa amesimama pale pale na upawa mkononi. Wapiganaji wenzangu, mwambieni mtani aseme ukweli mbele ya mtani wake, muone kama ataweza!

"Msumbiji, mwanangu! Alivuka Ruvuma amekalia boga!"

"Na huyu mama?"

"Huyu ndiyo usiseme. Kila siku namwambia arudi kwao, hasikii."

"Mzee, utaweza kuweka sahihi maneno hayo?"

"Lete hata karatasi mbili!"

Akaweka sahihi huku akicheka, vidole vikiwa na mafuta ya pilau. Kijana yule alikuwa ofisa wa uhamiaji aliyetumwa kuhakiki maombi ya Mama, na ile rekodi ya mazikoni alikuwa nayo tayari. Mama alipoitwa ofisini alinyimwa pasipoti, na kitambulisho chake cha taifa kikabaki mezani kwa watu wale. Mwanamke aliyepiga kura katika kila uchaguzi tangu awe mtu mzima alitoka mle mlangoni akiwa hana nchi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapotaka kusimama nilie kwa fahari. Wakubwa wa ofisi ile walimwonea huruma. Huruma, ndiyo! Wakamwambia: mama, mambo mepesi, jaza fomu hii ya kuomba kibali cha kuishi nchini kama mgeni, sisi tutakusaidia ipite haraka, utapata hati ya kusafiria, utawahi Hija. Wenzake wa kundi la mahujaji walikuwa wameshaanza kushona nguo nyeupe. Mama alinisimulia kwenye simu maneno aliyowajibu, nami nimeyaandika ukutani juu ya kitanda changu:

"Nikisaini hiki, nimemkana mama yangu aliyenizaa Ruvu. Nikifika Arafa nitamwambia Mungu nini, kwamba nimemfuata kwa uongo?"

Akaacha kalamu mezani. Wenzake wakaondoka. Yeye akabaki.

Mimi nimesoma vitabu vya sheria hadi macho yameuma. Nimewasikia wanazuoni wakubwa wakifafanua utu na uraia. Sijasikia bado tamko la haki za binadamu lililo zito kuliko hilo, na lilitolewa na mwanamke aliyesimama mbele ya meza ya watu, peke yake, bila wakili.

Hapa ninapopanga, mwenye nyumba wangu ni Mama Neema, mwanamke mwema anayenigawia ndizi zake za nyama kila Jumapili. Nilipomweleza habari hii alishika kiuno.

"Mwanangu, si angesaini tu? Karatasi ni karatasi. Angeenda Makka, akarudi, mkagombana baadaye."

"Akirudi, Mama Neema, arudi kama nani?"

"Kama mama yako!"

"Kama mgeni. Na mimi ni nani, mtoto wa mgeni? Na shamba la Ruvu? Mgeni hamiliki ardhi kama mwenyeji."

Akageuza ndizi jikoni. Kisha akasema taratibu, "Kumbe mama yako amekubebeni nyote mgongoni." Ndivyo, Mama. Ofisini ulisimama peke yako, lakini mgongoni ulikuwa na sisi sote.

Katika mji huu iko mahakama ambayo si ya nchi moja. Ni ya bara zima. Siku moja wanafunzi tuliruhusiwa kuingia kusikiliza shauri, nami nikakaa nyuma na ushungi wangu. Mlalamikaji alikuwa mzee mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka nchi nyingine ya bara letu. Aliishi kama raia tangu kuzaliwa, na siku moja serikali yake ikamwambia wewe si wetu. Mwanasheria wa serikali alisimama na joho lake, akasema kwa kujiamini kwamba mzee huyo ameshindwa kuthibitisha uraia wake. Jaji mmoja, mwanamke, akavua miwani.

"Sijauliza yeye ana ushahidi gani," alisema. "Nauliza serikali ina ushahidi gani kwamba si raia."

Mwanasheria akafungua jalada. Akalifunga. Akafungua jingine. Ukumbi wote ulisikia karatasi zikigeuzwa, na yule mzee wa ng'ombe, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, akakiinua. Niliuma ncha ya ushungi wangu nisije nikapiga kelele. Nilimwona mzee yule, Mama, lakini nilikuwa nakuona wewe.

Hiyo ndiyo sheria ninayoipenda! Sheria iliyo juu ya meza ya ofisa, juu ya mhuri, juu hata ya serikali yenyewe, inayosema kwamba mtu aliyeishi kama raia maisha yake yote hafukuziki kwa neno la kusikia, na kwamba anayemkana ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Nchi zetu ziliisaini kwa hiari yao wenyewe. Zilijifunga wenyewe, mbele ya wenzao, zisije zikawageuka watoto wao. Nalistaajabia jambo hilo kama watu wengine wanavyoustaajabia Mlima Meru ukiwa umefunguka asubuhi.

Lakini sitawapamba kwa maneno matamu. Mahakama ile ya bara, kwa mtu mmoja mmoja kutoka nchini kwetu, mlango wake hauko wazi siku hizi kama ulivyokuwa zamani. Upo mlango wa mahakama ya jumuiya yetu ya mashariki, nao haupokei malalamiko yaliyolala muda mrefu. Wakili anayetusaidia kule Kibaha amesema hivi: tunaanza nyumbani, kwa rufaa ya haraka, tukiwa na viapo vya watu wanaomjua Mama tangu kuzaliwa; na wakati huo huo anaandaa karatasi za mahakama ya jumuiya, ili ofisi ijue kwamba juu yake yuko mwingine anayetazama. Bibi Tatu wa Dutumi, aliyempokea Mama mikononi siku ya kuzaliwa, ameshakubali kuapa. Amesema ataletwa hata kwa toroli.

Shahidi tunayemhitaji kuliko wote, hata hivyo, ni Mzee Kazimoto, kwa sababu sahihi yake ndiyo fimbo wanayotupigia. Nilimpigia simu. Alianza kwa kulia.

"Binti yangu, ulimi wangu umefanya nini? Nilidhani ni mpwa wenu yule, nimchekeshe."

"Mzee wangu, utaapa kwamba ulikuwa utani?"

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Nikiapa kwamba mama yako ni mwenyeji, nitamtania nini tena? Nimeanza kumwambia arudi kwao hajaota meno!"

"Utaapa kwanza. Utani utaendelea."

"Aniahidi mwenyewe. Na kuku awe jogoo."

Wapiganaji wenzangu, msimcheke, wala msimtenge. Nimesikia kwamba wapo vijana wetu wa mtaa wa Picha ya Ndege, kule Kibaha, waliosema asikanyage tena nyumbani kwetu. Wamekosea! Mtu hamwiti mwenzake mgeni mbele ya jeneza isipokuwa anajua kwa hakika kwamba ni mwenyeji. Mgeni wa kweli huonewa haya, hupewa kiti, hataniwi. Ule utani wenyewe ndio ushahidi wetu, na hayo ndiyo wakili anayotaka yaandikwe kwenye kiapo chake, neno kwa neno. Ofisa alisikia maneno akakosa kujua yanasemwa na nani kwa nani. Sisi tutamfundisha, kwa heshima, na kwa maandishi.

Mama, sijui kama kitambulisho chako kitarudi kabla ya msimu ujao wa Hija. Siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna ofisi itakayokuona tena ukisimama peke yako.

Nisalimie Baba Mdogo na bomba lake. Nisalimie wifi yangu, mke wa Shomari, na umwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayovaa juu. Nisalimie shangazi wa Maneromango, na mwalimu wangu wa madrasa aliyenifundisha kusoma kwa sauti bila kuogopa watu.

Ni mimi binti yako,
Rehema
raia, mtoto wa raia

Kaka Shomari, haya yafuatayo yasome mwisho, tena umesimama.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa marehemu Babu, Ruvu. Wakili atakuwepo na mhuri wake, nami nitakuwa nimeshuka kwenye basi tangu Ijumaa. Kila anayemjua Mama tangu utoto aje. Bibi Tatu ataapa wa kwanza, Mzee Kazimoto wa pili, na wakati wa kuapa asicheke wala asichekeshwe. Akishaweka sahihi, ruksa: asimame mbele ya wakili na watu wote, amwambie Mama arudi kwao. Jogoo ameshafungwa, na Mama atakuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba alimozaliwa, anamsubiri.